Kufufua Land Rover 109 kidogo kidogo, huku ikiendelea kutembea

Maswali ni yaleyale kila mwezi. "Nimepata 109 ya shamba, nianze na rangi?" "Fundi anasema tung'oe injini yote, nikubali?" "Nifunge injini ya Toyota?" Majibu yote nimeyaweka hapa kwa mpangilio ambao ningemwekea mdogo wangu.

Gari ninaloliongelea ni Land Rover Series III ya petroli, toleo la kati ya 1971 na 1985, injini ya cc 2286, springi za majani mbele na nyuma. Hiyo 109 ni inchi za kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kama yako ni 88, mengi ni yaleyale, ila dramu za breki ni ndogo zaidi.

Kanuni ni moja, na kila hatua hapa chini inaifuata: fungua mfumo mmoja, umalize, uufunge, gari litembee, ndipo ufungue mwingine. Ukikutana na fundi anayesema "bosi, hii tunashusha kila kitu tunaanza upya", mshukuru na uondoke. Kila mji una Land Rover ya namna hiyo: bodi juu ya matofali, injini chini ya turubai, nati zote kwenye ndoo moja, na kuku ametaga kwenye siti ya dereva. Mwenye gari hakukosa mapenzi. Aliishiwa fedha gari likiwa vipande vipande, na vipande havimpi mtu hamu ya kuamka Jumamosi.

Kabla ya kuanza

*Gari lenyewe.* Nunua baya linalotembea, usinunue zuri lililo kwenye maboksi. Rangi iliyochunika na siti zilizochanika hazina shida. Chesisi iliyooza ndiyo shida, na gari lenye vipande vilivyopotea ni shida zaidi, kwa sababu utatafuta vitu ambavyo hata sura yake hujawahi kuiona.

*Karatasi.* Linganisha kadi ya gari na namba ya chesisi kabla ya kutoa hata shilingi. Kwenye Series III namba imegongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na kishikio cha springi. Piga brashi ya waya taratibu hadi isomeke. Kibati cha ndani peke yake hakitoshi, maana kibati hufungwa kwa ripiti na ripiti hung'oka. Namba ya injini nayo iangalie kama ndiyo iliyo kwenye kadi. Magari haya yamebadilishana injini sana.

*Spana za inchi.* Hapa ndipo wengi huharibu gari siku ya kwanza. Bolti nyingi za Land Rover hii ni za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8. Seti ya spana za milimita uliyonayo nyumbani itakudanganya. Namba 13 inaingia kwenye nati ya 1/2 ikiwa na ulegevu kidogo, na ukiikaza nati iliyoshika kutu inakula kona zake zote. Namba 14 haiingii kabisa kwenye 9/16. Nunua seti moja ya inchi iliyo nzuri, hata kama ni ya mtumba.

*Vingine vya lazima:*

- Jeki yenye nguvu na stendi nne za chuma. Matofali hayashiki Land Rover, hupasuka bila kukupa taarifa.
- Nyundo ndogo, bisibisi kubwa, brashi ya waya, brashi ya nailoni.
- Fila geji, yaani vile vijibati vyembamba vya kupimia upenyo.
- Mita ya umeme ya bei rahisi, au taa ya majaribio ya waya mbili.
- Mafuta ya kulainisha nati zilizoshika. Yapake jana yake, si dakika unayoanza kufungua.
- Kizimamoto, na kiwe karibu na mkono.
- Vikopo vyenye vifuniko, kalamu ya rangi, daftari. Kila kinachofunguliwa kipigwe picha kwa simu kabla, kisha nati zake ziingie kwenye kikopo chenye jina.

*Watu.* Kazi nyingi utafanya mwenyewe. Tafuta mapema fundi wa kuchomelea unayemwamini na mzee mmoja aliyewahi kutengeneza magari haya yakiwa mapya. Wazee hao bado wapo kwenye gereji za Tanga, Morogoro, Arusha na Iringa, na wengi watafurahi ukiwauliza.

*Spea.* Zipo. Kariakoo utapata, Nairobi utapata Barabara ya Kirinyaga, na Arusha hakuna anayekosa kumjua muuza spea za Land Rover; magari haya yalimiminika kule kwenye tamasha la Land Rover la Oktoba 2024. Tatizo ni ubora. Kuna nakala za bei chee ambazo ni mzigo, hasa rota na kondensa (vipande vya mfumo wa moto wa plagi) na mipira ya breki. Kitu cha zamani usikitupe hadi kipya kiwe kimefanya kazi kwa wiki kadhaa.

Hatua ya 1: Ioshe, kisha igonge

Osha chini ya gari hadi tope lote la miaka litoke. Liache likauke. Lala chini na nyundo ndogo, anza kugonga chesisi taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti ya kufifia, na unga wa kutu hukumwagikia usoni, kwa hiyo vaa miwani. Ukitilia shaka mahali, sukuma bisibisi.

Sehemu za kugonga mara mbili: boriti ya nyuma kabisa panapofungwa ndoano ya kuvutia, mikono ya chesisi inayobeba ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva, vishikio vya springi, na sakafu ya miguu. Kagua pia kona za juu za ukuta huo, chini ya kioo cha mbele. Maji hutuama pale.

Andika ulichokiona. Kama kuoza kupo kwenye vishikio vya springi au panapofungwa boksi la usukani, usiendeshe. Ruka hadi hatua ya 8, chomelea sehemu hizo tu, kisha urudi hapa. Kuoza kwingine kunaweza kusubiri.

Hatua ya 2: Badilisha oili zote kabla ya kuwasha

Zote maana yake injini, giaboksi, transfa (boksi la pili la gia, nyuma ya giaboksi), difu mbili (gia za katikati ya kila ekseli), na zile tufe mbili za chuma king'aavu nyuma ya magurudumu ya mbele. Injini inachukua karibu lita 7 za 20W-50 pamoja na filta. Kwingine kote ni oili ya gia namba 90.

Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza, halafu ukagundua kwamba ya kujazia imeganda na haifunguki, umebaki na gari lisilo na oili.

Tazama kinachotoka. Oili ya gia yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, jambo la kawaida kwa gari lililovuka mito. Vumbi la chuma kwenye sumaku ya nati si la kuogopa. Vipande vya jino la gia ni habari nyingine, pima mfuko wako upya.

Kama injini haijawaka kwa miezi mingi, toa plagi, mimina kijiko cha oili ya injini katika kila silinda, ilale hadi kesho. Kisha izungushe kwa hendeli ya mkono bila plagi. Hendeli hii ni neema, lakini huvunja mikono. Weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie, na nguvu yako iwe ya kuvuta juu. Injini ikirudi nyuma, hendeli itateleza mkononi bila kukuvunja.

Hatua ya 3: Breki, kabla ya jambo jingine lolote linalotembea

Kabla hujainua gurudumu, jua jambo hili. Hendibreki ya Land Rover haishiki magurudumu. Inashika propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, nyuma ya transfa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliacha lile la hewani lizunguke na gari zima linaweza kutembea ingawa umevuta hendibreki hadi mwisho. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Kila mara.

Sasa endelea hivi:

a) Toa dramu moja tu, umalize gurudumu hilo, ndipo uende la pili. Ukichanganyikiwa springi inakaaje, gurudumu la upande wa pili ni mwalimu wako.

b) Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa. Breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

c) Funua kingo za mpira wa wili silinda, yaani silinda ndogo inayosukuma shuu. Ukikuta unyevu, badilisha. Dramu ikiwa na oili nzito, oili hiyo inatoka kwenye difu kupitia sili ya haba, yaani kitovu cha gurudumu. Usibadilishe sili pekee. Tafuta kwanza tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli, lizibue. Likiziba, oili ikipata moto haina pa kupumulia ila kwenye sili, na mpya nayo utaiua ndani ya mwezi.

d) Badilisha mipira yote mitatu ya breki, zile paipu laini zinazopitisha mafuta ya breki, hata kama inaonekana mizima. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani na nje usione kitu.

e) Mafuta ya breki yawe ya chupa iliyofungwa. Yanafyonza unyevu hewani. Kwenye rangi yakidondoka yanaichubua, mwagia maji mara moja.

f) Rekebisha shuu: kaza hadi dramu isizunguke, kisha legeza kidogo kidogo hadi izunguke bila kukwaruza.

Kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki, kwenye 109 kuna ujanja wake. Nimeuweka kwenye sehemu ya matatizo, kwa kuwa najua utairudia.

Hatua ya 4: Kupoza

Desturi ya kutoa themostati "ili gari lisichemshe" iache. Injini isiyofikia joto lake hunywa mafuta, huchafua oili na kulika haraka. Themostati ipime kwenye sufuria ya maji: iweke ikiwa baridi, bandika jikoni, iangalie. Ikifunguka kabla maji hayajatokota na kujifunga yakipoa, ni nzima. Isipofunguka, nunua nyingine.

Rejeta isafishe kwa kuipitishia maji kinyumenyume, kutoka paipu ya chini kwenda ya juu, hadi yatoke meupe. Kwa watu wa pwani, maji ya kisima cha chumvi yasiingie kwenye rejeta hata kwa dharura ya kijinga. Tumia maji ya mvua au yaliyochujwa, uchanganye na kulanti. Paipu zote za mpira bonyeza. Zilizo ngumu kama mti au laini kama andazi, badilisha.

Hatua ya 5: Tapeti, moto, kabureta, kwa mpangilio huo

Mpangilio una maana. Ukianza na kabureta utarekebisha petroli ili ifiche kosa la pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme ili plagi ziwake), na ukija kurekebisha pointi kabureta itakuwa imeharibika tena.

*Tapeti*, yaani nafasi inayoachwa juu ya valvu. Upenyo ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane, injini ikiwa baridi au ya moto. Zihesabu kutoka mbele, 1 hadi 8. Siri ni jumla ya tisa: valvu namba 8 ikiwa imebonyea hadi mwisho, rekebisha namba 1. Ikibonyea 6, rekebisha 3. Ikibonyea 5, rekebisha 4, na kadhalika, kila jozi ijumlishe 9. Toa plagi zote ili injini izunguke kirahisi kwa hendeli. Fila iingie ikibanwa kidogo, kama unavyovuta karatasi iliyobanwa chini ya kitabu.

*Pointi.* Upenyo kati ya 0.35 na 0.40, pale kisigino cha pointi kinapokaa juu kabisa ya kona ya shafti ya distributa. Plagi karibu 0.8. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Kabla ya kutoa nyaya za plagi zitie alama, na usitoe distributa yenyewe kama hakuna sababu. Kuibadilishia kondensa na rota hakuhitaji kuing'oa.

*Kabureta.* Nyingi zina Zenith 36IV. Ikiwa gari linanuka petroli, linatoa moshi mweusi na halitulii sailensa (likinguruma bila kukanyagwa mafuta), usikimbilie kununua mpya. Ifungue sehemu mbili kuu, weka uso wa kila moja juu ya kioo kinene cha dirisha. Ukiona mwanga unapita katikati, imepinda kwa miaka ya kukazwa na joto. Bandika msasa laini wa maji juu ya kioo hicho, lowesha, sugua uso wa kabureta kwa mzunguko wa namba nane hadi pote pawe na rangi moja. Badilisha kile kimpira cha duara cha ndani na gasketi. Saa moja ya kazi, na mara nyingi ndiyo dawa.

Chujio la hewa la gari hili ni la kuogea oili. Mwaga tope lililomo, osha kwa mafuta ya taa, jaza oili ya injini hadi kwenye alama. Kwa barabara zetu za vumbi, lisafishe kila baada ya safari ndefu.

Tenki la petroli likiwa na kutu, litoe nje ulipeleke likasafishwe. Usikubali mtu alichomelee kienyeji, hata akisema limekaa tupu mwaka mzima. Tenki tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Hatua ya 6: Umeme

Fundi umeme wa haraka ataongeza waya mpya juu ya mbovu, wote mwekundu, na mwaka ujao hakuna atakayejua unakwenda wapi. Nyaya za Land Rover zina lugha yake, jifunze:

- Kahawia: umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri
- Mweupe: unaofika ukiwasha swichi
- Kijani: umepita swichi na fyuzi
- Mwekundu: taa ndogo
- Bluu na mweupe: taa kubwa za juu; bluu na mwekundu: za chini
- Kijani na mwekundu: indiketa ya kushoto, kijani na mweupe: ya kulia
- Mweusi: ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi na chesisi

Fuata waya mmoja kwa siku moja. Anza na mweusi, kwa sababu bodi ni ya alumini, chesisi ni ya chuma, na katikati kuna unga mweupe wa kutu unaozuia umeme. Fungua kila ethi, sugua hadi chuma king'ae, funga, paka grisi. Taa ambazo zilikuwa hafifu zitakushangaza. Betri itolewe waya wa hasi kabla ya kazi yoyote hapa.

Hatua ya 7: Usukani na springi

Fupi tu. Mtu mmoja atikise usukani, wewe uko chini unaangalia kila kiungo: kinachochezacheza kibadilishwe. Majani ya springi yaliyovunjika yabadilishwe kwa jozi, kushoto na kulia. Tufe za mbele zikiwa na vidonda vya kutu, sili mpya haitadumu. Wengi huacha oili na kutia grisi laini humo, na kwa gari la kutembelea Jumapili sina ugomvi nalo.

Hatua ya 8: Chesisi na kutu

Sasa unalo gari linalowaka, linalopoa na linalosimama. Ndipo umwite fundi wa kuchomelea. Simama naye.

- Toa betri, altaneta na tenki la petroli kabla cheche ya kwanza haijaruka.
- Kiraka juu ya kutu ni uongo. Kata hadi ufike chuma kizima, ndipo kiingie kipande kipya cha unene wa milimita 2 hivi.
- Fanya upande mmoja kwa wakati, gari likiwa limekaa sawa kwenye stendi, ili chesisi isipinde.
- Sehemu yenye namba ya chesisi isiguswe. Ukiipoteza namba, umepoteza gari kisheria.
- Ndani ya chesisi mna uwazi. Baada ya rangi kukauka, puliza oili nzito au nta kupitia matundu yaliyopo, na uhakikishe matundu ya kutolea maji yamezibuka.

Hatua ya 9: Bodi na rangi, mwisho kabisa

Alumini haina tabia ya bati. Ukiigonga sana inakuwa ngumu, kisha inapasuka. Usiisugue kwa brashi ya chuma, vijiwaya vidogo hubaki ndani yake na baadaye vinaanza kula. Tumia nailoni au msasa. Fundi mwenye vijiti vya kawaida vya kuchomelea asiiguse, itayeyuka na kuacha tundu.

Palipo na alumini juu ya chuma, hasa chini ya milango na kwenye sakafu, ndipo ulaji ulipo. Chumvi ya hewa ya Tanga au Mombasa huongeza kasi yake. Ukifungua kipande, safisha unga mweupe, paka praima pande zote mbili, weka mpira mwembamba katikati kabla ya kufunga. Praima ya alumini ni tofauti na ya chuma. Ukipaka ile nyekundu ya geti, rangi itatoka kama ganda la kitunguu.

Puti iwe kidogo. Land Rover iliyonyooka kama kioo haijawahi kutoka kiwandani, na makovu machache ya kazi mimi huyaacha makusudi.

Piga rangi kipande kwa kipande: mlango leo, boneti mwezi ujao. Chagua rangi ya kiwandani isiyo na kung'aa kwa chembechembe, ili kipande cha Juni kifanane na cha Desemba.

Matatizo yanayorudi

*Breki ni laini hata baada ya kutoa upepo.* Kwenye 109, upepo hubaki umenaswa kwenye wili silinda za mbele. Kaza marekebisho ya shuu zote hadi dramu zishike kabisa, toa upepo ukianza na gurudumu la mbali na masta silinda (ile inayosukumwa na pedali), kisha legeza shuu. Zikiwa zimekazwa, pistoni hazisogei na upepo hauna pa kujificha. Pedali ikizama polepole huku umeikanyaga, masta silinda imekufa.

*Inawaka vizuri baridi, ikipata moto inazima, ikipoa inawaka.* Mtuhumiwa wa kwanza ni kondensa, wa pili koili. Rudisha ile ya zamani uliyoiweka, ujaribu.

*Inachemsha mlimani tu.* Rejeta imeziba katikati. Ishike kwa uangalifu baada ya kuzima: sehemu iliyo baridi ndiyo iliyoziba.

*Moshi wa bluu ukiachia pedali ya mafuta kwenye mteremko.* Sili za valvu. Inaweza kusubiri. Moshi wa bluu wakati wote ni ringi za pistoni, anza kuweka akiba.

*Usukani unatikisika kwa nguvu ukigonga shimo kwenye mwendo wa kati.* Pini za tufe za mbele zimelegea. Zinakazwa kwa kupunguza vijibati vilivyo chini ya kifuniko. Kabla ya hapo hakikisha matairi yamebalansiwa.

*Gari linakuwa zito kupinda, matairi yanalia lamini.* Umesahau kitufe cha njano kikiwa chini, yaani umeweka magurudumu manne. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo magurudumu manne ni ya tope na mchanga tu. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyooka, kisha toa.

*Oili inadondoka chini ya gari.* Inadondoka kweli. Weka boksi chini usiku uone ni wapi. Tone moja moja ni kawaida yake. Oili ikionekana ndani ya gurudumu, rudi kwenye lile tundu la kupumulia.

*Nifunge injini ya Toyota au ya dizeli?* Zinafungwa kila siku na nyingine zinakwenda vizuri. Mimi siishauri kwa mradi wa kwanza, kwa sababu inagusa vitu vingi kwa mpigo: mikono ya injini, klachi, rejeta, ekzosi, umeme. Ndiyo njia ya haraka ya kuishia na kuku kwenye siti. Kama umeshaamua, fanya breki kwanza, kwa maana injini yenye nguvu zaidi itakuta dramu zilezile. Na mabadiliko ya injini yaingizwe kwenye kadi TRA kabla gari halijatoka getini, uwe na risiti ya injini hiyo na namba yake iliyosomeka.